Sahani ya Aliyezama

Sahani ya marehemu ililetwa ya kwanza. Mama Pélagie aliibeba mwenyewe kutoka jikoni, akaiweka mbele ya kiti kitupu kilichotazama ziwa, akanyoosha uma na kisu pembeni yake, ndipo akarudi kuchukua za mjane na watoto. Yai la kukaanga, mkate, kipande cha papai. Akamimina na chai. Mvuke ukapanda taratibu pale ambapo uso wa mtu ungekuwa.

Inspekta Norbert alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Norbert huyu si mtu wa kutishwa na kivuli chake. Alianza upelelezi Wabelgiji wakiwa bado wanatoa amri, akaendelea na kazi hiyo uhuru ulipoingia, na maiti amewaona wa kila aina. Lakini ile chai ilimtia baridi mgongoni, na alichukia kutiwa baridi kabla hajanywa ya kwake.

"Mama Pélagie," aliita kwa sauti ya chini, "huu ni muchezo gani?"

"Muchezo wapi, mwanangu? Bwana Étienne alilipa. Hapa kwangu muntu akisha kulipa, yote iko ndani: kitanda, chakula, kiti cha ku muchanga, kutembea na mashua. Mpaka conge, hii likizo ya Pasaka, iishe. Sasa nimwibie chakula yake ju amekufa?"

Ndivyo Hoteli ya Matete ilivyokuwa. Zamani Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba sinia tu. Uhuru ulipofika, mwenye hoteli, Mbelgiji mmoja mwenye hasira, alipanda gari akaelekea Usumbura bila kugeuka nyuma, akamwachia funguo Pélagie aliyekuwa akimpigia pasi. Pélagie akatundika bendera ya nchi juu ya paa, akabakisha kanuni ya yule mzungu: lipa mara moja, usiulizwe tena. Basi makarani wakaanza kuja na wake zao na watoto wao, kujilaza kwenye viti ambavyo jana walikuwa wakivifuta vumbi. Raha ilioje! Ila Pasaka hii ya mwaka wa sitini na nne, habari za waasi zilikuwa zimeshuka tambarare yote ya Ruzizi, Katogota mpaka Mutarule, na wageni walikimbia wakiacha hata sabuni bafuni. Ilibaki familia moja, na ndiyo iliyopatwa.

Étienne alikuwa karani mkuu katika ofisi ya serikali mjini Uvira. Siku kadhaa zilizopita alitoka na Thaddée, mpiga makasia wa hoteli, wakaenda mpaka kwenye matete, akajitosa majini kuoga, hakuibuka. Thaddée alirudi peke yake, amelowa chapachapa, analia. Askari wakamtia ndani. Luteni wa kikosi, mtu aliyetoka mbali huko kwenye misitu, hakuona haja ya upelelezi: mpiga makasia ni mtu wa waasi, kamuua mtu wa serikali. Leo adhuhuri angepigwa risasi hapo hapo mchangani, wavuvi wote waone.

"Nipe sababu ya kumwacha kabla sijaketi kula," Luteni alimwambia Norbert. "Huna, usinisumbue."

Kwa hiyo Norbert alikuwa ameanzia cachot, mahabusu ya askari, alfajiri. Alimkuta Thaddée amekaa sakafuni, macho mekundu, mikono imefungwa kwa kamba ya wavu. Yaani walimfunga kwa wavu wake mwenyewe! Norbert alikasirika, lakini hasira haifungui kamba.

"Watu waliwaona mukigombana ku muchanga," alisema.

"Ndiyo, Chef. Alitaka tufike ku matete. Nikamwambia, papa, kule iko kiboko, hata sisi hatuogake kule. Akanikaripia: 'Nimelipa!' Basi nikavuta kasia."

"Aliruka na nguo?"

"Na shati, na kaputula. Viatu alibakisha mu mashua. Nilimungoja, nikamungoja. Nikaruka na minye, mimi mwenyewe. Nilipapasa chini mpaka kifua kikataka kupasuka, Chef, nikashika matope tu." Akaanza kulia tena, bila hata kujificha uso. "Nilimupoteza muntu wa batu. Ata bakiniua, minye sijue niseme nini."

Mwuaji anayeomba radhi hivyo Norbert hajawahi kumwona. Alitoka, akadai shati. Askari walikuwa wameliokota kwenye matete, na Luteni alilitunza mezani kwake kama ushahidi. Norbert alilipindua mara kadhaa. Halikuchanika popote, wala halikuwa na damu. Vifungo vyote vilikuwa vimefunguliwa, mpaka vile vidogo vya mikononi.

"Amemvua ili amwibie," Luteni alisema.

"Akamwibia shati, halafu akalianika ku matete?"

"Inspekta, adhuhuri. Mimi nimesema."

Mtu anayezama hafungui vifungo vya mikono. Hilo Norbert alilibeba kichwani njia nzima mpaka hotelini. Étienne alivua shati kwa utulivu wake, ndani ya matete, mahali ambapo Thaddée asingeweza kumwona. Basi alitoka majini. Akaenda wapi? Barabarani kuna vizuizi vya askari pande zote mbili. Kupanda milima ya nyuma, peku, bila shati, mbele ya macho ya kila mama anayelima kule mteremkoni? Hapana. Ng'ambo ya ziwa, basi, Bujumbura, ambayo wengi bado waliiita Usumbura. Huko ndiko kila mwenye akili alikotaka kwenda.

Lakini hapo hesabu ilimkatalia. Alikuwa amepita kando ya ziwa asubuhi ile, na mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu mchangani, imepinduliwa matumbo juu, nyavu zimekauka. Watu wa Uvira ziwa likimeza mtu hawaendi kuvua. Wanakaa, wanangoja maiti arudi au familia imalize kulia. Tangu siku ile hakuna taa hata moja ya kuvulia usiku iliyoonekana majini. Ndagala sokoni walikwisha, kina mama walilalamika, na mitumbwi ikabaki palepale.

Hivyo Étienne hakuvuka. Alikuwa karibu, ama amekufa kweli kwa njia nyingine. Norbert aliomba Mungu isiwe hiyo ya pili, kwa ajili ya Thaddée.

Alisogea mezani. Mjane, Georgette, alikuwa binti wa wavuvi wa hapa hapa Uvira, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Binti yake Domitille alikuwa akimkatia mkate mdogo wake André. Hakuna aliyegusa sahani ya kiti kitupu.

"Pole sana, Mama Domitille."

"Aksanti, Bwana Inspekta." Hakuinua macho.

"Sitakukawiza. Baba Domitille alikuwa na maadui?"

"Muntu wa serikali siku hizi, nani si adui yake? Waasi walisema makarani wote watauawa. Na bale basoda, hawa askari, wanasema makarani wote ni waasi." Alizungusha kijiko ndani ya kikombe ambacho hakikuwa na sukari. "Njo sababu alituleta hapa. Alisema, tupumuzike kidogo. Batoto waogelee."

"Papa iko juu," alisema André.

Mama yake alimshika mkono haraka. "Anasema mbinguni."

"Hapana mbinguni," mtoto akabisha. "Juu. Anatembeaka."

Domitille alimkanyaga mguu chini ya meza, Norbert akaona. Hapo hapo, kana kwamba ziliitwa, mbao za dari zililia. Kriii. Kimya. Kriii. Mama Pélagie, aliyekuwa akija na birika, alisimama akajifanyia ishara ya msalaba, chai ikamwagika kwenye sandali zake. Georgette alikaza macho kwenye kikombe. Norbert naye, tuseme ukweli, nywele zilimsimama.

"Ile ghorofa nilifunga tangu bazungu baende," Pélagie alimnong'oneza kwenye veranda. "Iko vitanda na viti vimefunikwa na mashuka, basi. Alikufa mu mayi hajazikwa, Inspekta. Anakuja kutafuta kitanda alicholipia. Unazani ninalala, minye? Ninasali mpaka jogoo."

"Mlango wa juu iko wapi?"

Alimwonyesha ngazi ya nje. Norbert alipanda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli lenye kutu, na buibui alikuwa amejenga kutoka kitasa mpaka ukutani, nyumba nzima, haijachanika uzi. Hakuna mtu aliyepita hapo tangu Mbelgiji aondoke. Norbert alibaki ameutazama utando ule. Kama si mtu, basi ni nini? Alishuka upesi kuliko alivyopanda, akajikemea, akaingia jikoni ambako angalau kulikuwa na moto.

Mpishi, Nshimirimana, alikuwa akipara mukeke kwenye beseni, samaki wa ziwa waliobaki kwenye friji ya mzungu. Magamba yalimrukia mpaka kwenye nyusi.

"Inspekta, minye ninaacha kazi. Kesho ninaenda kwetu."

"Ju ya nini?"

"Ju ya ile sahani. Kila chakula, Mama ya batoto anaomba ipelekwe mu chumba. Anasema batoto wasione baba yao amesahauliwa. Sawa, tunapeleka. Halafu inarudi." Nshimirimana aliweka kisu chini. "Siku ingine inarudi nyeupe, ata mufupa iko umelambwa. Siku ingine inarudi sawa vile niliitoa, hajagusa ata chumvi. Muzimu gani anachagua?"

"Ni batoto wanakula, bwana. Batoto wana njaa."

"Njo nilisema na minye! Lakini batoto wangekula yote. Bale batoto wanapenda samaki kabisa, wanalamba mpaka kichwa."

Norbert alikuwa tayari ameanza kuondoka. Akasimama. "Ni siku gani ilirudi nyeupe?"

"Siku ya mbuzi. Siku ya maharagwe. Asubuhi na mayai, kila siku."

"Na siku gani haijaguswa?"

Nshimirimana alitazama beseni lake la mukeke, kisha akamtazama Norbert, mdomo wazi.

"Kabla hajazama," Norbert akaendelea polepole, "siku ya samaki Bwana Étienne ulimpikia nini?"

"Nyama. Ao mayai. Madame Pélagie alituambia, huyu ni muntu wa Bijombo, alikomalia kwa ng'ombe, samaki hapana. Wako wengi bale ba ku mulima, ukimuonyesha samaki ni kama umemuonyesha nyoka. Lakini akisha kufa, Inspekta, minye nikaacha kupika mbalimbali. Maiti anaulizwa anapenda nini?"

Norbert alikaa kwenye gunia la mkaa. Alitaka kucheka na alitaka kulia. Mtu aliyekula sahani ile alikuwa mtu asiyekula samaki, na hapa hotelini kulikuwa na mmoja tu. Na samaki wale, mbona hawakutupwa dirishani ziwani, siri ikabaki siri? Hilo halikumsumbua hata kidogo. Yeye mwenyewe alizaliwa mtaa wa wavuvi. Mama yake alimchapa mara moja tu maishani, siku alipomtupia paka kichwa cha mukeke. Binti wa mvuvi anaweza kudanganya askari, polisi, na padri. Kutupa samaki wa ziwa hawezi, mkono unamkatalia.

"Chumba chao ni kipi?"

"Chumba cha muzungu mwenyewe. Kile kizuri, chenye ngazi ya ndani."

Ngazi ya ndani! Na yeye alikuwa akitetemekea buibui. Norbert alijitukana kwa Kifuliiru.

Alimkuta Georgette kwenye viti vya mchangani, anawatazama watoto wakijenga nyumba ya mchanga. Nyumba ile ilikuwa na ghorofa. Norbert aliketi kiti cha pembeni, kile cha mzungu chenye kulala, akajikuta amelala bila kutaka, akajiinua kwa shida.

"Mama Domitille, mbona ile samaki hukula weye?"

Aligeuka. Rangi ilimtoka usoni.

"Ungekula tu," Norbert alisema kwa upole. "Ungekula, sahani ikarudi nyeupe kila siku, na minye ningekuwa ninapanda milima saa hii."

"Kukula sahani ya mume wangu ni kumuzika," alisema, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Sahani imewekwa kwa jina yake, yeye anapumua kule juu, halafu minye nikule? Nimuzike na meno yangu? Sikuweza. Na kutupa, weye unajua."

"Ninajua."

Basi akasema yote. Étienne hakumwambia kitu kabla. Alitaka mke wake alie kweli, Uvira yote ione, wakija waasi wakute mjane na yatima tu, wawaache. Yeye angevuka usiku ule ule na wavuvi, kisha awaite. Alijificha kwenye matete mpaka giza, akatambaa mpaka mitumbwi, akakuta imepinduliwa na hakuna mtu.

"Alikuja dirishani anatetemeka. Nilizani ni muzimu, Inspekta, nilitaka kupiga kelele. Ananiuliza: 'Wavuvi wako wapi? Mbona hawaendi?' Nikamwambia: 'Weye mujinga, Étienne! Wanakulilia weye!'" Alicheka, kicheko kibaya kilichochanganyika na kilio. "Kama angeniuliza mbele! Angeniuliza tu! Lakini muntu wa ng'ombe atajua wapi mambo ya ziwa? Kifo chake njo kilifunga njia yake."

Norbert alitazama mitumbwi iliyopinduliwa. Kwa mbali, milima ya Burundi ilionekana wazi mpaka mabati ya nyumba yakimeremeta.

"Unajua leo adhuhuri ni nini?"

"Sijue."

"Luteni atamuua Thaddée. Hapa hapa, batoto wakiona."

Georgette alifunika uso. "Yesu wangu. Étienne alisema watamufunga kidogo, watamwachilia." Kisha akamshika Norbert mkono kwa nguvu. "Ukimutoa, bale basoda watamuua yeye. Watasema alikimbia kazi. Inspekta, yaya, minye niko na hawa wawili tu na yule mujinga."

Neno yaya lilimchoma. Alikuwa na haki ya kumwita kaka mkubwa, wote wa mwambao mmoja. Na Thaddée je, naye hakuwa wa mwambao huo?

"Sipande ile ngazi," Norbert alisema akisimama. "Sitamutoa minye. Panda weye, mwambie tu nilichokuambia. Mwambie na hili: yule kijana alizama mara na mara kumutafuta, mpaka kifua kikataka kupasuka. Halafu leo mule chakula mlango wa chumba ukiwa wazi."

Luteni alikuja jua likiwa utosini, na askari wake, na Thaddée mbele yao na kamba yake ya wavu. Aliweka bunduki yake juu ya meza ya karibu na mlango, akanusa. Mama Pélagie alikuwa akipanga sahani nne. Mukeke mzima kwa kila sahani, na bugali, na pilipili. Georgette aliketi na watoto wake, mgongo umenyooka. Kiti kitupu kilitazama ziwa.

"Inspekta. Sababu?"

"Iko," Norbert alisema, kwa sauti ya kufika mbali. "Huyu kijana hakuua muntu. Shati lilivuliwa na mwenyewe, polepole, vifungo vyote. Mwenye shati anajua. Na anasikia ninayosema."

Luteni alicheka. "Maiti anasikia? Wewe umekuwa mchawi?" Akageuka kwa askari. "Mpelekeni mchangani."

Wakamvuta. Thaddée hakupigana. Alisema tu, "Mwambieni mama yangu," na hakumaliza, kwa sababu mbao za dari zililia. Kriii. Kisha ngazi ya ndani ikaanza kulia, moja baada ya nyingine. Askari mmoja aliachia kamba. Nshimirimana, mlangoni mwa jikoni, alipiga magoti.

Étienne aliingia peku, ana kaputula tu na shuka la mzungu mabegani, ndevu zimemwota, vumbi kwenye nywele. Hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kiti chake akaketi.

"Nilisema papa iko juu," alisema André.

Thaddée alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Macho yalimtoka. "Muzimu! Ni muzimu, Chef! Minye nilimuona akizama!"

"Thaddée," Étienne alisema. "Ni mimi. Niko muzima."

"Hapana! Muzimu anasemaka vile vile!" Alielekeza kidevu kwenye sahani. "Kama uko muntu, kula. Muzimu haikule. Kula, nione!"

Mbele ya Étienne palikuwa na mukeke, jicho limetazama juu. Kila mtu pale mezani alijua. Domitille aliweka mkono mdomoni. Étienne aliitazama sahani ile muda, akameza mate, kisha akakata kipande kwa vidole, akakitia mdomoni. Alikitafuna macho yakimtoka machozi. Akakata kingine. Alikula mpaka mfupa ukaonekana, akageuka kwa Thaddée, akasema kwa sauti iliyokatika, "Unisamehe."

Thaddée alimwendea na mikono yake iliyofungwa, akampiga kofi kwa mikono yote miwili pamoja. Halafu akakaa chini akalia kwa furaha, na hata Luteni hakumkataza.

"Mfungueni huyu," Luteni alisema hatimaye. Alizunguka meza akasimama nyuma ya Étienne. "Karani mkuu! Unaogopa ofisi yako? Leo maliza likizo yako, umelipa. Kesho gari langu litakurudisha mezani kwako, na askari mlangoni usitoke. Waasi wakifika, wakukute unaandika." Akachukua bunduki. "Na wewe mpiga makasia, jina lako ninalo. Siku nitakayokuhitaji nitakuita."

Aliacha askari mmoja kwenye lango la barabarani. Upande wa ziwa hakuacha mtu. Alikulia msituni, na kwake maji yale yote yalikuwa ukuta. Norbert aliliona hilo, akavaa kofia yake, na hakusema kitu.

Alasiri ilipoanza kulegea, jua lilishuka nyuma ya milima, na kivuli kikaifunika Uvira mapema kama kila siku, huku ng'ambo kukiwa bado mchana. Thaddée alikuja kwenye veranda. Alama za kamba zilikuwa bado mikononi mwake.

"Mama Pélagie," alisema, "kutembea na mashua iko ndani ya ile bei, ao?"

"Iko ndani. Kwenda na kurudi, familia yote."

"Basi ile siku nilimupeleka mumoja, na sikumurudisha. Kazi haijaisha." Alimgeukia Norbert, akishusha sauti. "Chef, yule Luteni ataniita. Weye unajua ataniita. Na mama ya batoto ni dada yetu."

"Unaniuliza?"

"Hapana. Ninakuaga."

Walipanda mashuani mchana kweupe, Georgette mbele, watoto katikati, Étienne ameshika ubao kwa mikono yote miwili kama mtu asiyependa maji, na kweli hakuyapenda. Askari wa lango alichungulia, akaona familia iko likizo, akarudi kwenye sigara yake. Mashua ilipita matete. Ikapita na pale ambapo mashua za hoteli hugeuza. Wavuvi waliokuwa wamekaa mchangani waliinuka mmoja mmoja wakiitazama, kisha mmoja wao akainama akaanza kupindua mtumbwi wake.

Jioni Luteni alirudi mbio, askari wake nyuma. Mama Pélagie alikuwa amepanga sahani nne na chakula kinapoa. Norbert alikuwa amekaa peke yake mezani.

"Wako wapi?"

Norbert aligeukia ziwa. Nje, majini, taa za karabai zilikuwa zimeanza kuwaka. Moja, kisha nyingine, kisha nyingi, mpaka kule Makobola, ziwa lote likawa na macho tena. Mtoto yeyote wa Uvira angezitazama akajua kwamba hakuna aliyekufa leo. Luteni alizitazama pia. Hakuona kitu ila taa.

Norbert alivuta sahani ya Étienne mbele yake. Ilikuwa mukeke tena. Alifikiri habari za Georgette, akafanya ishara ya msalaba, akakata kipande, akala.

"Walizama, Luteni," alisema. "Wote. Tumewapoteza."

Luteni aliendelea kutazama nje, amesimama. Norbert alikula sahani ile yote, bila haraka, na alipomaliza akamwomba Mama Pélagie amletee pilipili kidogo na sahani ya Georgette.